BUNDUKI IPI KWA MNYAMA YUPI?

Kwenye baraza moja ya Jang'ombe, mjini Unguja, palitokea ubishi baina ya jamaa wawili, na ubishi wenyewe umeletwa kwetu uamuliwe. Mmoja wao ana shamba la muhogo upande wa kusini, na nguruwe wamelifukua misimu miwili mfululizo. Shemeji yake akaaye bara, mwenye kibali cha kuwinda huko, amemwambia kuwa dawa ya nguruwe ni bunduki ya risasi ya .375, kwa kuwa imwangushayo nyati haitashindwa na nguruwe. Wa pili ni mzee aliyesaka maisha yake yote, kwanza kwa mbwa na nyavu, na baadaye kwa bunduki ya marisau. Yeye akamjibu: "Mwanangu, bunduki hiyo ukiileta hapa itamwua nguruwe, kisha itaendelea na safari yake." Twaulizwa, yupi aliyesema kweli?

Twajibu kwamba mzee ndiye aliyesema kweli. Walakini sababu zake zafaa kuelezwa kwa urefu, maana watu wengi, na hata baadhi ya walimu, hudhani kuwa kuchagua bunduki ni kumtazama mnyama tu: mnyama mdogo bunduki ndogo, mnyama mkubwa bunduki kubwa. Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kutazama kilichoko nyuma ya mnyama, na katika kisiwa chetu nusu hiyo ya pili ndiyo iliyo kubwa.

Twaanza na majina, kwa kuwa ubishi mwingi hutoka humo. Neno kaliba maana yake ni upana wa tundu la mtutu, au kasiba kama wasemavyo wazee. Waingereza na Wamarekani huupima upana huo kwa sehemu za inchi, na watu wengine wa Ulaya kwa milimita. Basi bunduki iitwayo .22 tundu lake ni kama milimita 5 na nusu, ile ya.303, iliyokuwa silaha ya askari wa Kiingereza tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, ni milimita 7.7; .375 ni milimita 9 na nusu, na.458 yapita milimita 11 na nusu.

Bunduki ya marisau haipimwi hivyo. Namba yake yatoka katika ratili. Chukua ratili moja ya risasi, yaani gramu 454, uigawe mafungu 12 yaliyo sawa, na kila fungu ulifanye tufe. Tufe moja litaenea barabara katika mtutu wa namba 12, ambao upana wake ni milimita 18 na nusu. Ukiigawa ratili ile ile mafungu 20, kila tufe litakuwa dogo zaidi, na ndiyo sababu bunduki ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12, ingawa namba yake ni kubwa. Mwalimu apendaye aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii ubaoni. Wataona kuwa hesabu za tufe zina kazi hata nje ya darasa.

Tofauti nyingine i ndani ya mtutu. Mtutu wa bunduki ya risasi umechongwa mifereji membamba izungukayo kama mizingo ya parafujo. Risasi ipitapo humo huzungushwa, ikatoka ikienda sawasawa kama pia isiyoyumba, ikampiga mnyama mahali pamoja kwa umbali wa hatua mia mbili na zaidi. Mtutu wa marisau ni laini, na punje zitokapo huanza kutawanyika. Kupita hatua arobaini hivi huwa zimeachana mno, na nguvu zao zimepungua.

Watu wa pwani walizijua bunduki zamani sana. Katika karne ya 19 bandari ya Unguja ilipitisha bunduki makumi ya maelfu kwenda bara, na nyingi zilikuwa magobori yajazwayo kwa mdomo. Mwaka 1890 mataifa yalifanya mkataba mjini Brussels juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na katika mkataba huo wakakataza kuingizwa bunduki za mifereji na za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digrii 20 kaskazini ya mstari wa ikweta mpaka digrii 22 kusini. Bunduki ya gumegume isiyo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida, iliachwa iuzwe kwa masharti. Hii ni moja ya sababu zilizofanya babu zetu wakae na gobori muda mrefu hivyo. Hatusemi kuwa gobori ni bunduki njema. Moshi wake humficha mnyama na mwindaji pia, na mwenye haraka asilitumie. Lakini lilimfundisha mtu kusogea karibu na kupiga mara moja, na mafunzo hayo hayajachakaa.

Sasa, mtu asidhani kuwa ajuapo upana wa tundu amekwisha jua nguvu ya bunduki. Upana ni jambo moja katika manne. La pili ni uzito wa risasi, la tatu ni mwendo wake, na la nne ni umbo lake na jinsi ilivyovikwa. Ile .22 ndogo ya kupigia ndege na panya hutupa risasi ya gramu 2.6 kwa mwendo wa kama mita 340 kwa sekunde. Ziko bunduki nyingine zenye tundu kama lile lile, ila kiasi chake kina baruti nyingi, nazo hutupa risasi kwa mwendo unaokaribia mara tatu ya huo. Pigo lake huzidi la kwanza mara tisa hivi. Mtu akikwambia, "Bunduki yangu ni ya ishirini na mbili," bado hajakwambia neno.

Mskochi mmoja, W. D. M. Bell, aliwinda tembo katika nchi ya Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika maisha yake aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki nyembamba ya milimita 7. Habari hii hurudiwa sana na wapendao bunduki ndogo, lakini aghalabu huisimulia nusu. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno apate kujua ubongo umekaa wapi, na alikuwa na shabaha ambayo watu wachache wamejaliwa. Tena risasi yake ilikuwa nyembamba lakini ndefu, yenye gramu 11 na kitu, imevikwa gamba gumu tangu ncha, hata ikapenya mfupa bila kupinda. Kinyume chake ni bunduki ya Kijerumani ya milimita 10.75. Ukiitazama kwa upana tu, inaizidi ya Bell mara moja na nusu. Walakini ilipata sifa mbaya kwa tembo, kwa kuwa risasi yake ilikuwa fupi na nene, ikasimama kabla ya kufika palipotakiwa. Ndivyo ulivyo msumari na kigingi: kwa nyundo ile ile msumari huingia ubaoni, na kigingi hukataa.

Kwa wanyama wenye ngozi laini, kama swala, risasi ya gamba gumu haifai. Hupita upande wa pili ikaacha tundu dogo, mnyama akakimbia mwendo wa saa nzima na kwenda kufa penye vichaka, akawa chakula cha fisi. Kwa hao hutumiwa risasi yenye ncha laini, ambayo ikigusa nyama hupanuka kama uyoga. Basi bunduki moja yaweza kuwa njema asubuhi na mbaya jioni, kwa kubadili kiasi tu.

Vitabu vya uwindaji vitokavyo Ulaya na Marekani husema sana juu ya ayala, mnyama mwenye pembe za matawi ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Mnyama huyo si wa nchi zetu. Katika Afrika asili yake ni kaskazini tu, upande wa Algeria na Tunisia. Kulungu wetu ni wa jamii nyingine, na pembe zake haziondoki ila kwa ajali. Twalitaja jambo hili kwa kuwa msomaji atakayeagiza bunduki kwa kusoma vitabu hivyo atakuta inasifiwa .30-06, iliyotoka Marekani mwaka 1906, au .270, iliyotoka huko mwaka 1925, kuwa ni bunduki za ayala. Asipotee. Apime uzito wa mnyama, asitazame jina. Ayala wengi wa Marekani hawazidi kilo 130, basi bunduki iwatoshayo humtosha na pala wa bara, ambaye uzito wake ni kilo 40 mpaka 75.

Huko bara ngazi ya bunduki hupanda hivi. Kwa pala na mbawala, bunduki ya milimita 6 na nusu au 7 yatosha kabisa, na kuzidisha ni kuharibu nyama. Kwa kongoni, nyumbu na kuro, ambao hufika kilo 150 na hata 250, bunduki za daraja ya .303 na .30-06 zafaa, ila risasi iwe nzito. Ile .303 hutupa risasi ya gramu 11 kwa mwendo wa mita 740 kwa sekunde, na imeangusha nyama wengi katika Afrika ya Mashariki kuliko bunduki nyingi zilizo ghali mara tano.

Pofu ni mnyama mpole, lakini dume lake laweza kupita kilo 800. Hapo .303 huanza kuwa ndogo. Mjerumani Otto Bock wa Berlin aliufikiria ugumu huu mwaka 1905, akatengeneza kiasi cha milimita 9.3 kilichoweza kutumika katika bunduki ya Mauser ya kawaida, kwa ajili ya watu waliokuwa wakienda kukaa Afrika. Kilienea sana Tanganyika, kwa kuwa bei yake haikuwa kubwa na kazi yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1912 nyumba ya Holland & Holland ya London ikatoa .375, yenye risasi ya gramu 19 na kitu. Pigo la hiyo ni karibu mara mbili ya lile la .303.

Nyati si sawa na pofu, ijapokuwa uzito wao hukaribiana. Ngozi yake ni nene, mbavu zake pana zimebanana, na akijeruhiwa hujificha majanini amngojee amfuataye. Kwa sababu hii nchi nyingi za Afrika ziruhusuzo uwindaji zimeweka kanuni kuwa kwa nyati na wanyama wengine wa hatari bunduki isiwe chini ya .375, baadhi hukubali ile ya 9.3. Ziko nchi zilizofunga mlango kabisa. Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977. Juu ya tembo hatuna haja ya kusema zaidi, maana msomaji wetu mwenye shamba la muhogo hatampata Kizimkazi.

Jambo moja husahauliwa na wauzaji na wanunuzi pia, nalo ni teke. Kila bunduki irushapo risasi mbele hurudi nyuma begani, na .375 hurudi kwa nguvu. Mtu asiyeizoea hulijua teke hilo mara ya kwanza. Mara ya pili hufumba macho kabla ya kubonyeza, na mtutu ukaondoka penye shabaha. Mwindaji wa namna hiyo huleta maumivu makubwa kwa wanyama, naye husema bunduki ndiyo mbovu. Heri .303 mikononi mwa mtu atulizaye pumzi zake kuliko .375 mikononi mwa mtu aiogopaye.

Sasa turudi Unguja, ambako ubishi ulianza. Urefu wa kisiwa hiki ni kilomita 85 hivi, na upana wake haufiki 40. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Zanzibar yote ina watu 1,889,773, na sehemu kubwa yao wako Unguja. Risasi ya .303 ikielekezwa juu kidogo yaweza kwenda zaidi ya kilomita 3 kabla ya kuanguka. Msomaji wa Jang'ombe na asimame mlangoni pake, apime kilomita 3 upande wo wote aupendao, kisha ahesabu mapaa ya nyumba. Huko shamba nyumba ni chache, lakini hapana mahali ambapo mtu aweza kusema kwa yakini kuwa mbele hapana mtu: yuko mwenye kukata kuni, yuko mchoma makaa, wako watoto wanaochunga ng'ombe, na wako wanawake wapitao njia za miguu zisizoandikwa katika ramani yo yote.

Tena ardhi yenyewe haimsaidii mpigaji. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ni maweni, mawe makali yaliyokuwa matumbawe zamani za kale. Risasi ikiingia katika udongo hufa humo. Ikigonga jiwe kwa upande huruka, na hapana ajuaye itakwenda wapi. Mwenye kuandika haya aliwahi kuona katika kijiji kimoja cha kusini, ambacho hatutakitaja jina. Mgeni alikuja na bunduki ya risasi, akampiga nguruwe kwa ustadi, hatua themanini, nyuma ya bega. Watu wakapiga vigelegele. Walipokuwa bado wakishangilia, akaja mtu anakimbia, uso umembadilika. Risasi ilikuwa imempita nguruwe, ikagonga mwamba, ikaruka, ikaingia katika mhimili wa mlango wa chuo kidogo ambamo watoto walikuwa wakisoma. Ilikuwa juu ya vichwa vyao kwa shibiri mbili. Sheha aliichimbua kwa kisu, akaiweka kiganjani mwa yule mgeni, wala hakusema neno. Mgeni yule alikuwa mwindaji hodari na bunduki yake ilimfaa nguruwe. Kosa ni kuwa aliichagua kwa ajili ya nguruwe peke yake.

Kwa hiyo, bunduki ifaayo kwa nguruwe wa Unguja ni ya marisau, namba 12. Nguruwe mwitu wetu ana kilo 50 mpaka 100, na ngozi yake ya begani ni ngumu. Marisau madogo ya ndege humkasirisha tu. Yatakiwa marisau makubwa, yale yaandikwayo SSG au LG katika kiasi. Punje moja ya SSG ina upana unaokaribia milimita 7, na ya LG kama milimita 9. Kwa hatua ishirini na tano au thelathini humwangusha nguruwe papo hapo. Kupita hapo mtu asipige, maana punje huwa zimeachana, moja ikaingia tumboni na nyingine mguuni, mnyama akaenda kuteseka siku mbili. Na uzuri wake kwetu ni huu, kwamba punje ya SSG hata ikitupwa juu huishia mita mia tano na kitu. Ni mbali, nayo pia yaweza kumdhuru mtu. Walakini si kilomita 3.

Kuna wapendao kuweka katika bunduki hiyo hiyo risasi moja nzima badala ya punje nyingi. Kwa hatua hamsini ina pigo kubwa sana. Lakini yaweza kufika karibu kilomita moja, na kwa hiyo twasema itumiwe na mtu aliyepanda juu ya dungu tu. Wakulima wetu walijenga dungu la kulindia mashamba kabla ya bunduki kufika, nalo lina faida ambayo wengi hawaioni: aliye juu hupiga kwa kuelekeza mtutu chini. Risasi ikikosa, au ikipita, huingia katika udongo wa shamba hatua chache mbele. Dungu la urefu wa watu wawili, lililojengwa penye udongo mwingi na mgongo likiupa kijiji, lapunguza hatari kuliko kaliba yo yote mtu awezayo kununua. Ila liwe penye udongo, si penye mwamba.

Na yule asemaye kuwa atatumia .22 kwa kuwa ni ndogo, haina kelele, na viasi vyake ni rahisi? Huyu amekosa pande zote mbili. Risasi yake haimwui nguruwe mzima ila kwa bahati, nayo husafiri kilomita moja na nusu. Ni ndogo mno kwa kilicho mbele na kubwa mno kwa kilicho nyuma.

Kuwinda kwa mbwa na nyavu kuna kanuni zake, na wasasi wazee wazijua. Watu wanapozunguka kichaka, kila upande una mtu. Mwenye bunduki akimpiga nguruwe angali ndani ya duara, amepiga kuelekea kwa wenzake. Na angoje mpaka nguruwe apite mstari wa watu, ampige akienda nje, na mtutu ukiwa umeinama. Usiku asipige kwa kusikia mchakacho. Asipige kwa kuona macho yanang'aa katika mwanga wa tochi mpaka aone na mwili, kwa maana macho ya mbwa wa jirani nayo hung'aa, na mtu aliyelala penye dungu lake naye huchakarisha majani ajigeuzapo.

Twaulizwa pia juu ya paa. Katika Unguja wako wa namna tatu: paa mwenyewe na chesi, ambao hawazidi kilo 6 au 7, na paa nunga, mwekundu mwenye mkanda mweupe matakoni, wa kilo 7 mpaka 12. Huyu wa mwisho alitajwa katika vitabu vya elimu mwaka 1918, akaitwa kwa jina la Dokta Mansfield-Aders, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama na wadudu wa Serikali ya Unguja. Nje ya visiwa vyetu yuko Kenya tu, katika misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke na Boni. Mwaka 1983 walikisiwa kuwa 5,000 hapa Unguja; mwaka 1999 wakakisiwa kuwa mia sita na kitu. Basi kwa paa nunga hapana bunduki ifaayo. Amehifadhiwa, na amwonaye na apeleke habari kwa Idara ya Misitu. Kwa hao wengine wawili, mtu asiende msituni kabla ya kuuliza Idara hiyo ni nini kinachoruhusiwa, wapi, na wakati gani. Wala asikaribie na bunduki ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004.

Tutasema neno moja tu juu ya silaha kwa paa, ili ijulikane kwa nini wazee hawakupenda risasi nzito. Wasasi wengi wa hapa walitaka kumdiriki mnyama yungali hai wapate kumchinja. Risasi ya bara ikimpiga mnyama wa kilo 6 hapana cha kudiriki, na nyama yenyewe huwa imechanganyika na mifupa na mavi. Nyavu zilikuwa bora.

Mwenye shamba wa Jang'ombe ametuuliza mwishoni kama aweza kuazima bunduki ya shemeji yake kwa mwezi mmoja tu. Hawezi. Kibali cha silaha hupewa mtu kwa jina lake, na hutolewa na Polisi baada ya kumchunguza mwombaji. Hakisafiri kwa jahazi wala hakirithiwi kwa udugu. Na awaendee wasasi wa shehia yake, ambao wana mbwa, na baadhi yao wana bunduki za namba 12 zenye vibali. Awape chai na nauli, na ajenge dungu kabla ya muhogo kukomaa, si baada ya kufukuliwa.

Akipata bunduki yake mwenyewe siku moja, na ajue kuwa hewa ya bahari ni adui wa chuma. Mtutu usiosafishwa siku ile ile iliyopigwa huanza kutu, na kutu hula ndani kabla ya kuonekana nje. Upitishwe kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo, na kabla ya kupiga tena mafuta yale yafutwe. Viasi vya karatasi vilivyokuwa vikitumiwa zamani vilivimba kwa unyevu wa masika, visiingie tena katika mtutu. Vya plastiki vya siku hizi vyastahimili zaidi, lakini kitako chake ni cha madini, nacho hushika kutu. Viwekwe katika mkebe wenye kifuniko, juu, mahali pakavu, mbali na bunduki yenyewe, na ufunguo usiwe mahali ambapo watoto wanapajua.

Wasomaji wenye habari za mashamba yao, hasa juu ya madungu na jinsi yalivyojengwa, twawaomba watuandikie kwa mkono wa sheha au mwalimu wao.